Watafiti Wakija Mtaani: Majibu ya Maswali Yenu

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba mwananchi anafaa kushirikishwa katika utafiti wa afya tangu unapopangwa, asingoje kuitwa siku ya kutolewa damu. Jumbe zimekuja kutoka Nakuru hadi Busia, na baadhi zina uchungu. Nimechukua zile zinazogusa watu wengi. Kwa asiyenifahamu: nilikuwa muuguzi hapa Kisumu kabla ya kustaafu, na sasa niko katika kamati ya ushauri ya jamii, yaani wakazi wanaokutana na watafiti na kuwaambia maisha ya huku mtaani yalivyo. Majibu ni yangu mwenyewe, kamati haijanituma.

Mama wa chama, Nyalenda: Walikuja kwenye baraza la chifu na fomu zilizokwisha chapishwa. Wakatusomea, wakauliza kama tuna maoni, tukasema sawa. Mwishoni wakatushukuru kwa kuwa washirika wa utafiti. Kweli tulikuwa washirika?

Dada yangu, mlifahamishwa. Kufahamishwa ni haki yenu na si jambo dogo, lakini ushirika bado. Mshirika huitwa mambo yakiwa hayajaamuliwa. Hapo kwenu swali la utafiti lilikuwa limechaguliwa, fomu zimepitishwa na kamati ya maadili, ile inayokagua kama utafiti unawalinda watu, pesa zimetolewa. Hata mngesema mengi, yangebadilisha kidogo sana.

Mara nyingine waulizeni hivi: ni jambo gani bado hamjaamua, na sisi tukisema halifai, litabadilika? Mtafiti aliyekuja kwa nia njema atakuwa na jibu. Atasema, kwa mfano, hawajajua kama kina mama waje kliniki au wafuatwe nyumbani, au kama swali la mapato ya nyumba liulizwe mbele ya mume. Akibabaika, mmeshajua mmeitiwa nini.

Nawaambia kwa nini nalishikilia jambo hili. Mwaka 2009 lilianza jaribio la FEM-PrEP, lililofanyika Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, na hapa kwetu lilikuwa Bondo. Wanawake zaidi ya 2,000 waligawanywa makundi mawili: kundi moja likapewa kidonge cha kila siku cha kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi, la pili kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa. Aprili 2011 jaribio likasimamishwa, kwa kuwa makundi yote mawili yalikuwa yakiambukizwa karibu sawa. Wanawake walipoulizwa, karibu wote walisema wanameza vidonge. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana kwa chini ya asilimia 40 ya waliopimwa. Na dawa yenyewe haikuwa na kasoro, kwa sababu mwaka huohuo jaribio jingine la Kenya na Uganda, lililohusisha wanandoa ambao mmoja wao ana virusi, na Kisumu ikiwemo, lilionyesha kwamba ikimezwa inakinga.

Watafiti walirudi baadaye wakazungumza na wanawake wenyewe. Wapo waliosema waliogopa madhara ya dawa. Wapo waliovunjwa moyo na jamaa na majirani. Na wapo walioficha kwamba hawamezi kwa kuhofia kuondolewa kwenye utafiti wakisema ukweli. Sisemi kwamba jamii haikuambiwa kitu kabla. Ninachosema ni kwamba hofu hizo zilikuwa midomoni mwa watu wa Bondo, na mwanamke wa huko angeweza kuzitaja mapema kama angeulizwa na mtu asiyemwogopa, mahali ambapo jibu la kweli halimgharimu. Kazi ya mshirika ni hiyo hasa: kusema mapema kile ambacho mshiriki ataficha baadaye.

Mwendesha bodaboda, Kondele: Nimealikwa niingie kwenye kamati ya ushauri ya mradi fulani. Niliachia shule darasa la nane. Nitawaambia nini madaktari?

Ingia, kijana wangu. Ya kitabu wao wanayo tayari. Wanachokosa ni yale unayoyaona kila siku kuanzia alfajiri hadi usiku: nani anaanguka na pikipiki na haendi hospitali, kwa nini abiria hawataki kofia iliyovaliwa na mwingine, saa ngapi mtu anaweza kuacha kazi akakaa kliniki.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Katika kikao kimoja tulikuwa tunapitia fomu ya ridhaa, ile karatasi anayotia sahihi mshiriki. Iliandikwa kwamba mshiriki atatolewa mililita 10 za damu. Mama mmoja anayeuza samaki akauliza, hizo ni nyingi kiasi gani? Watu wa mradi wakaanza kueleza kwa maneno, na kila wakieleza ndivyo sura ya yule mama ilivyozidi kukunjamana. Mwishoni muuguzi akachukua kijiko cha chai pale kwenye sahani ya sukari, akamimina maji mara mbili kwenye kikombe kitupu, akampa akishike. Mama akakitazama, akakitikisa, akasema, "Basi andikeni vijiko viwili." Fomu ikabadilishwa.

Siku hiyohiyo mvuvi wa Dunga akawaambia kwamba kliniki ya saa tatu asubuhi haitapata wavuvi wa omena. Wao hulala ziwani na taa, na saa hizo ndipo wanashusha samaki, na wake zao wanaanika. Akapendekeza saa tisa alasiri. Hakuna shahada inayofundisha hilo.

Ila uwe na masharti yako. Omba karatasi zije kwa Kiswahili au Dholuo siku kadhaa kabla ya kikao, usikubali kusomewa haraka mezani. Ukiona neno huelewi, uliza palepale, kwa sababu usilolielewa wewe hata abiria wako hatalielewa. Na waambie wakupe jibu la kila pendekezo: limekubaliwa, au limekataliwa kwa sababu hii.

Mzee, Gem: Hawa watu wa utafiti wamechukua damu kwetu tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Inaenda wapi? Inauzwa?

Mzee wangu, swali lako ni halali kabisa. Hadithi za kachinja, watu wa gari wanaochukua damu usiku, sisi tulizikuta, na waliotutangulia pia. Mtafiti anayezicheka hajajiuliza zinatoka wapi. Mtu anakuja na gari, anachukua damu, anaondoka, na wewe hupati habari yoyote tena. Hapo ungefikiri nini?

Tuanze na kiasi. Kipimo cha malaria ni tone la kidole. Vipimo vya mkononi kwa mtu mzima mara nyingi ni vijiko vichache vya chai, na kwa mtoto kiwango hupunguzwa kulingana na uzito wake. Anayejitolea damu hospitalini hutoa takribani mililita 450. Kwa hiyo damu ya utafiti haitoshi hata kumwongezea mgonjwa mmoja. Inaenda maabara, inapimwa, na mara nyingine inagandishwa na kuhifadhiwa kwa miaka.

Hapo kwenye kuhifadhiwa ndipo pa kuuliza zaidi. Itawekwa wapi, na kwa muda gani? Itatumika kwa utafiti mwingine ambao sijaambiwa? Itapelekwa nje ya nchi? Kupeleka sampuli nje kunahitaji kibali, na fomu ya ridhaa inapaswa kusema wazi. Nikibadili nia, naweza kuomba iharibiwe? Majibu ya haya yote yawe kwenye karatasi unayobaki nayo nyumbani. Kama hukuachiwa nakala yako, idai.

Na mzee, umeuliza inaenda wapi, nami nitakujibu pia imeleta nini. Gem na Asembo ni miongoni mwa sehemu zilizothibitisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa watoto wadogo. Watoto wa Siaya na Kombewa, pamoja na wa Kilifi, walikuwa kati ya watoto zaidi ya 15,000 wa nchi saba za Afrika walioshiriki jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009. Septemba 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini, na uzinduzi ulikuwa kaunti ya Homa Bay. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wanaoishi kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Leo mjukuu wako akichanjwa, wanakijiji wenzako wana mkono wao katika sindano ile. Inaniuma kwamba wengi wao hawajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Mwalimu mstaafu, Nakuru: Miaka kadhaa iliyopita nilipimwa macho, presha na sukari kwa ajili ya utafiti. Nilijibu maswali kwa muda wa karibu saa mbili. Sikuwahi kuambiwa walipata nini. Nina haki ya kujua?

Unayo, mwalimu. Kuna majibu ya aina mbili na yanakwenda njia tofauti. Lako binafsi, kama presha iko juu au jicho lina mtoto wa jicho, ulistahili kupewa siku ileile pamoja na barua ya kwenda hospitali. Kumpima mtu, ukaona presha ya kutisha, ukaandika kwenye daftari na kumwacha aende zake ni kosa, hata kama utafiti haukuwa wa matibabu. Aina ya pili ni matokeo ya jumla: watu wangapi wana tatizo, na nini kifanyike. Hayo huja baada ya miaka, na huishia kwenye majarida ambayo wewe na mimi hatuyasomi.

Msikubali mtu aseme haiwezekani kuwarudia watu. Hapohapo Nakuru, mwaka 2007 hadi 2008, watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa macho katika utafiti mkubwa. Katikati pakawa na ghasia za baada ya uchaguzi, na familia nyingi za kaunti yenu zikahama. Bado watafiti walirudi kuanzia 2013, wakawatafuta watu walewale kijiji kwa kijiji, na karibu nusu yao wakapimwa tena. Katika kazi hiyo ndipo ilipojaribiwa programu ya simu ya Peek ya kupima uwezo wa kuona, ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. Kama unaweza kumtafuta mtu baada ya miaka sita ili umpime tena, unaweza kumtafuta umwambie ulichokipata.

Oktoba 2024 Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia nzima hulifuata katika utafiti tangu 1964, lilifanyiwa marekebisho, na sasa linasema jamii ishirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati wake na baada yake. Hiyo "baada yake" ndiyo hukosa pesa. Ndiyo maana ninawasihi walio kwenye kamati wafungue bajeti mapema waulize: mkutano wa kurudisha matokeo umetengewa shilingi ngapi? Usipokuwa na fungu lake tangu mwanzo hautafanyika, kwa sababu mradi ukiisha magari yanaondoka na wafanyakazi wanatafuta kazi kwingine.

Kwa hali yako, tafuta ile karatasi uliyopewa. Ina jina la utafiti, nambari yake na kamati ya maadili iliyoupitisha. Waandikie barua fupi ukiomba matokeo. Ukiwa umeipoteza, pitia kwa msimamizi wa kituo cha afya ulikopimiwa, kwa kuwa lazima waliomba ruhusa pale. Kama utafiti ni wa taasisi ya serikali, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kitaje ndani ya barua.

Mama mjamzito, Ahero: Nikikataa kushiriki, nitanyimwa huduma kliniki?

Hapana. Na ukishaingia unaweza kutoka siku yoyote bila kueleza sababu. Muuguzi akikutisha kwa hilo, amevunja maadili ya kazi yake.

Mfanyabiashara, Busia: Mtu mmoja anaweza kukataa, sawa. Je, jamii nzima inaweza kukataa mradi?

Inaweza, na imeshatokea kwingine. Mwaka 2004 huko Kambodia lilikuwa limepangwa jaribio la dawa ya kuzuia ukimwi miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Wanawake wenyewe walijipanga wakauliza: tukipata madhara baada ya utafiti kuisha, nani atatutibu, na kwa muda gani? Hawakuridhika na majibu, na serikali ikausimamisha kabla haujaanza. Mwaka uliofuata jaribio kama hilo likasimamishwa Kameruni. Watafiti waliumia, na wapo walioona dawa imecheleweshwa. Lakini kutokana na hayo, mwaka 2007 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na ukimwi, na AVAC, shirika linalotetea kinga ya ukimwi, walitoa mwongozo wa namna ya kushirikisha jamii katika majaribio ya kinga ya ukimwi, na kamati nyingi za huku kwetu zinaufuata.

Ningependa Busia isifike kwenye kukataa. Ukifika hapo, kuna mtu hakuwauliza mapema. Lakini mzee wa kijiji au chifu akisema ndiyo, hiyo si ndiyo ya kila mtu. Ruhusa yake inawafungulia mlango wa kuja kuzungumza nanyi, na ridhaa inabaki ya kila mmoja.

Msichana, Kakamega: Mtafiti ana mshahara, sisi wa kamati tunapewa soda na nauli. Ni haki?

Tutenganishe watu wawili. Anayeshiriki kwa kutolewa damu au kumeza dawa hurudishiwa nauli na kufidiwa muda wake, na kiasi hicho hupitiwa na kamati ya maadili kisiwe kikubwa hadi mtu mwenye shida aingie kwenye hatari kwa sababu ya njaa. Sikubaliani na wanaosema kiongezwe bila mpaka.

Wewe wa kamati ni jambo lingine. Unasoma fomu, unatafsiri, unatoa ushauri unaotumika. Hiyo ni kazi, na kazi hulipwa. Uingereza wana mwongozo rasmi wa kuwalipa wananchi wanaosaidia kupanga utafiti, kwa saa. Huku wengi wetu bado tunapewa nauli tu, na wanaoumia zaidi ni kina mama ambao siku ya kikao hawafungui kibanda. Matokeo yake kamati hujaa watu wenye pensheni kama mimi. Dai malipo kabla ya kazi kuanza, yaandikwe, na yalingane kwa wote, awe mwenyekiti au kijana mdogo.

Mwanafunzi, Maseno: Naandika pendekezo la utafiti kuhusu watoto wenye selimundu. Sina pesa za mikutano. Nitashirikishaje wazazi?

Huhitaji ukumbi, mwanangu. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko kwa wingi kandokando ya ziwa kwa sababu palipo na malaria ya muda mrefu ndipo ilipostawi: anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo siku ya kliniki yao, benchi limejaa. Omba ruhusa kwa msimamizi, kaa nao wakisubiri, funga daftari, uliza swali moja: ni nini hasa kinachowasumbua mnachotaka mtu akichunguze?

Jiandae kubadilisha mada. Mwaka 2000 Uingereza walilinganisha utafiti uliokuwa ukifanywa kuhusu maumivu ya goti na yale wagonjwa waliyotaka. Watafiti walijazana kwenye dawa, wagonjwa walitaka kujua zaidi kuhusu upasuaji wa kubadilisha goti na namna ya kujitunza. Tangu 2004 nchini humo kuna mpango uitwao James Lind Alliance, ambapo wagonjwa, wanaowauguza na madaktari hukaa pamoja na kuchagua maswali kumi ya kwanza kwa kila ugonjwa. Wewe huna uwezo wa kuandaa kama ule, lakini wazazi watano na alasiri mbili unaweza. Huenda unataka kupima dawa, na mama anataka kujua afanye nini usiku wa manane maumivu yakimshika mtoto na hakuna gari. Waonyeshe rasimu kabla ya kumpelekea msimamizi wako, na uandike ndani yake walichobadilisha.

Kijana anayetembea kwa kiti cha magurudumu, Molo: Kwenye kamati zote naona walewale, marafiki wa chifu. Sisi je?

Umesema kweli. Andika kwa mradi uombe nafasi, na uulize kikao kinafanyika ghorofa ya ngapi. Nanyi mnaochagua wajumbe, kabla ya kumteua mtu angalieni ugonjwa unaochunguzwa unawashika akina nani, kisha tazameni kama wapo chumbani. Kamati ya utafiti wa kisukari isiyo na hata mtu mmoja anayejidunga insulini haijakamilika, hata kama ina pasta, mwalimu mkuu na mzee wa mtaa. Mjumbe pia awe na kipindi chake, kikiisha ampishe mwingine.

Msomaji, Vihiga: Nikiwa na malalamiko niende wapi? Waliniandikia jina, simu na hata hali yangu ya ukimwi kwenye tableti yao.

Anza na nambari za simu zilizo kwenye fomu yako. Lazima ziwe mbili: ya mtafiti mkuu, na ya kamati ya maadili isiyo chini yake. Piga ya pili ikiwa huna imani na ya kwanza. Kila utafiti nchini unapaswa pia kuwa na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia sayansi na utafiti, na unaweza kuomba kuiona. Kuhusu habari zako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa habari nyeti. Una haki ya kuambiwa zinatumika kwa nini, kuziona, kusahihishiwa zikiwa na makosa, na kuomba zifutwe. Usiposikilizwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na huhitaji wakili. Andika tarehe uliyohojiwa, jina la utafiti, na ni nani alikuwa amesimama karibu alipokuwa akisoma majibu yako kwa sauti.